Chanzo Huru

Anavyosimulia Mama Imakulata, na amesimulia mara nyingi mpaka sasa nusu ya mtaa wao wa Mkuza, Kibaha, inaapa ilikuwapo, yeye alikuwa anachambua mchele barazani kwake asubuhi ya Jumapili. Binti yake, aliyekuwa anatafuta habari za Mkuza mtandaoni, akampa simu amshikie, ili avae viatu vya kwendea misa. Ndipo kwenye kioo cha simu, kwa macho yake mawili, akaona jina la Mzee Mwinjuma, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na juu ya jina hilo kibao chekundu. Kibao kinasema huyu atafutwa baada ya siku saba. Tena kimesema kwa Kiswahili cha wazi, hakuna cha kusingizia kwamba hakuelewa. Mama Imakulata anasema mchele wote ulimwagika. Binti yake anasema mchele haukumwagika, lakini binti hajawahi kuulizwa.

"Nikaenda mpaka kwa mjumbe," anasema. "Nikamwambia, kama ni mambo ya kiwanja, huyu mzee karatasi anazo. Kama ni kitambulisho, anacho, nimekiona. Sasa anafutwa kwa kosa gani?"

Kabla ya adhuhuri yeye na wanawake wawili walikuwa wamefika kwa Mzee Mwinjuma. Mmoja alikuja na kilo ya sukari. Hakuwa na hakika kama ni sukari ya msiba au ya kumpa mtu pole tu, kwa hiyo akaiweka juu ya meza bila kuitaja. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, uso kaugeuzia jua, macho yake yakiwa na ule utando mweupe ulioanza mwaka juzi na kukua polepole kama ukungu wa bondeni. Kando yake binti yake Zuwena alikuwa anashona sare ya shule. Mama Imakulata alipofika kwenye neno "atafutwa", cherehani ilinyamaza.

Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa upole, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto:

"Mtu hafutwi kabla hajaandikwa. Mimi niliandikwa wapi?"

Zuwena alikuwa ameinamia uzi, analitafuta tundu la sindano ambalo uzi ulikuwa umeshapita.

* * *

Aliyemwandika ni Zuwena.

Baba yake ana kitabu. Kinaitwa Zamu, na chini yake, kwa herufi ndogo, Fikra Juu ya Kuwapo. Alikichapisha mwaka 2009 kwenye duka la mashine za kuchapa pale Kibaha, nakala mia mbili, jalada la kijani. Chache alizigawa shuleni, msikitini na kwa padri mmoja aliyependa maongezi. Zilizobaki zimo ndani ya maboksi chini ya kitanda, na kila masika Zuwena huzitoa, akazianika juani, akazirudisha.

Kabla ya kuhamia Kibaha, Mzee Mwinjuma alikuwa karani wa maji kijijini Marui, upande wa Kisarawe. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye chanzo cha maji na kutazama foleni. Wakati mwingine foleni ilikuwa haina mtu hata mmoja, ni ndoo tupu, makopo na mitungi imejipanga toka alfajiri, wenyewe wako mashambani. Lakini kila mtu aliheshimu ile mistari ya ndoo. Ndipo karani akaanza kujiuliza: huyu mwenye ndoo yuko hapa au hayuko? Kama hayuko, mbona tunampisha? Aliliandika swali hilo kwenye madaftari kumi na mawili. Jibu lake liko ukurasa wa arobaini: mtu yupo popote pale zamu yake inapotunzwa, hata kama mwili wake uko mbali, hata kama amekufa, ili mradi nafasi yake haijajazwa.

Zuwena aliishia darasa la saba. Ila kitabu kile amekisoma kwa sauti mara nyingi kuliko alivyosoma kitu chochote duniani, kwa sababu tangu macho ya baba yake yapotee, yeye ndiye macho. Siku moja, akiwa anangoja mteja aje kuchukua gauni, aliona kwenye simu kwamba kamusi elezo ya mtandaoni ina makala kuhusu kila kitu. Mchezaji mpira ana makala. Aina za ndizi zina makala. Kisiwa ambacho hakuna mtu anayeishi kina makala, na picha juu. Pembeni pakawa na neno dogo la buluu: Hariri.

Aliandika kwa kidole gumba kwa muda wa wiki mbili, kati ya pindo na pindo. "Zamu ni kitabu cha falsafa kilichoandikwa na Mzee Mwinjuma wa Mkuza, ambaye ni mtu wa watu." Alitaka makala ikae kwanza, ikomae, halafu siku moja amsomee baba yake kama habari iliyoandikwa na mtu mwingine kabisa. Hakujua kwamba huko ndani kuna watu wanaozunguka na kukagua. Hakujua kwamba mlango ule unafunguka kwa kila mtu, lakini nyuma yake kuna baraza linaloamua nani akae.

* * *

"Nimeisikia cherehani ikinyamaza, kwa hiyo unajua nilikoandikwa. Nisomee," mzee alisema wageni walipoondoka.

Akamsomea. Chini ya kibao chekundu palikuwa na majadiliano, watu saba kwa majina ya bandia, mmoja tu akiwa amesaini jina lake, Sospeter, Kibaha. Wa kwanza aliandika: "Kitabu cha kujichapishia. Futa." Wa pili: "Vitabu vya falsafa vilivyoandikwa kwa Kiswahili moja kwa moja vinahesabika kwa vidole. Bakiza." Wa tatu: "Uchache si sababu. Hata mimi nina daftari." Mwingine alinukuu ile sentensi ya mtu wa watu, akauliza, "Nani amesema?"

Hapo Zuwena alitaka kuruka. Sauti yake ikamsaliti.

"Soma tu, mwanangu," baba yake akamwambia. "Wameuliza. Kuuliza si tusi."

Mwishoni kabisa palikuwa na maneno ya Sospeter. Zuwena akayasoma taratibu. "Kabla ya kuamua, tunaomba vyanzo huru. Bila vyanzo huru, makala hii itafutwa baada ya siku saba."

Mzee Mwinjuma alisogea mbele kwenye kiti. "Rudia."

Akarudia.

"Amesema chanzo?"

"Vyanzo, Baba. Huru. Wenzake wanasema angalau viwili."

"Viwili vilikuwepo. Cha pili kilikauka wewe hujazaliwa." Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutembea juu ya magoti yake. "Na kile kilichobaki ni huru. Hakina mwenyewe, hakijawahi kutiwa kufuli hata siku moja. Nani huyo aliyeuliza?"

"Sospeter."

"Sospeter huyo amekisoma kitabu."

Kwa nini asingeamini hivyo? Ukurasa wa kwanza wa Zamu unaanza kwa kusema: fikra hizi zilianzia kwenye chanzo cha maji cha Marui. Miaka kumi na sita alikuwa anangoja mtu aufungue ukurasa huo, akainua kichwa na kuuliza, chanzo chenyewe kiko wapi, tukione. Sasa ameuliza. Uso wa mzee ulikuwa na mwanga ambao Zuwena hakuwa ameuona tangu daktari aseme neno upasuaji na wao wakaitikia kwa kichwa na kurudi nyumbani.

Zuwena mwenyewe alisita kidogo. Alimpigia kaka yake Faraji, aliyeajiriwa kwenye bandari kavu kule Kwala, kazi yake kukagua namba za makontena.

"Kaka, mtu wa mtandaoni akikuomba chanzo huru, anataka nini?"

"Mpe anachotaka, Zuwe. Nipo juani hapa, kontena zimepangwa mpaka mbinguni." Nyuma yake mashine ilikuwa inalia pii, pii, inarudi nyuma. "Kile kitabu panya wenyewe wamekisusa, nyie bado tu mnacho?"

"Panya hawajui kusoma."

"Basi wanatuzidi akili." Akacheka, akakata.

* * *

Walifika Marui siku ya Jumanne, jua la saa nne likiwa limelala juu ya mihogo. Zuwena alimshika baba yake kiwiko tangu barabarani. Njia ilikuwa imebadilika, yeye hakuitambua, lakini mzee alikuwa anaihesabu kwa nyayo. Hapa palikuwa na mkorosho. Hapa panateremka. Sasa utasikia baridi kwenye vifundo vya miguu. Na kweli wakaisikia.

Mradi wa maji ulikuwa umeshafika kijijini, bomba na tangi jeusi juu ya nguzo. Chanzo chenyewe kilikuwa kimebaki chini bondeni, majani yamekizunguka, maji yanatoka chini ya jiwe bila sauti. Ungeweza kupita karibu usijue. Hata hivyo palikuwa na madumu sita ya njano, yamepangwa mstari, na mwanamke mmoja mzee amekaa pembeni anakata kucha kwa wembe.

"Shikamoo, bibi," Zuwena alisema.

"Marahaba. Huyo unayemburuta ni nani?" Alimkazia macho. "Karani?"

"Sauti hiyo ni ya Rukaya," alisema Mzee Mwinjuma.

"Kumbe ungali mzima. Tulisikia umefutwa."

"Nani amewaambia?"

"Habari hizo zimefika jana na mtu wa mananasi. Nikasema, heri, alinirudisha nyuma ya foleni mwaka ule wa njaa, Mungu kamlipa." Bi Rukaya alicheka, meno mawili. "Bomba limekatika tangu wiki jana. Unaona tumerudi kwenye mambo yako ya zamani."

Mzee aliomba aingize mkono majini. Zuwena akamwinamisha, akamshika kiuno kama mtoto, naye akauacha mkono wake humo muda mrefu, vidole vimefunguka, maji yakipita katikati. Kereng'ende mwekundu alitua kwenye dumu la kwanza, akahamia la pili, la tatu, kana kwamba naye yumo kwenye mstari. Zuwena alipiga picha nne. Ya jiwe, ya maji, ya madumu, ya mkono wa baba yake chini ya maji ukionekana mkubwa na mweupe kuliko ulivyo.

Ni pale alipokuwa anayatazama madumu kwenye kioo cha simu ndipo neno likamtoka, bila kupangwa.

"Baba, ukurasa wa arobaini una kosa."

"La chapa?"

"La maneno. Umesema zamu ikitunzwa mtu yupo, na zamu inatunzwa na ndoo. Mimi nilikuwa naleta ndoo yangu hapa alfajiri, naiweka ya tatu, ya nne. Naenda shule. Nikirudi naikuta kule kwenye kichaka."

"Nani aliitoa?"

"Hakuna aliyeitoa. Kila aliyekuja aliisukuma kidogo tu. Hatua moja moja. Ilikuwa ndoo ya mtoto."

Mzee alikuwa bado ameinama, maji yakidondoka kwenye vidole. "Na mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

"Hapo alipokaa Bi Rukaya. Ulikuwa unaandika."

Bi Rukaya aliacha kukata kucha.

"Kwa nini hukusema miaka yote hii?"

Zuwena alifikiri. Alitaka kutoa jibu la kweli. "Mimi ni wa kukusomea tu."

Mzee Mwinjuma alikaa chini kwenye majani mabichi, kanzu yake ikalowa. Zuwena akaogopa kwamba amemvunja moyo, akaanza kusema samahani, lakini mzee aliinua mkono, mkono ule uliolowa, kumzuia. Midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayehesabu.

"Basi ndoo haitunzi chochote," akasema. "Wanaotunza ni wale wanaoiona. Na wasipotaka kuiona?"

"Sijui, Baba."

"Na mimi sijui," alisema, na akatabasamu kwa namna iliyomfanya Bi Rukaya awahadithie watu baadaye kwamba Karani amerudi kutoka mjini amechanganyikiwa, lakini amechanganyikiwa vizuri.

* * *

Picha zilipanda mtandaoni Jumatano asubuhi. Zuwena aliandika chini yake: "Hiki ndicho chanzo huru cha kitabu. Kipo Marui. Cha pili kilikauka. Asanteni kwa kuuliza."

Kufikia alasiri wale watu wa majadiliano walikuwa wamefika. "Jamani, tumeombwa vyanzo tumeletewa kisima." Mwingine aliweka vikaragosi vitatu vinavyotoa machozi ya kucheka. Mwingine: "Chanzo kimejaa, naomba ndoo." Yule wa bakiza alinyamaza. Sospeter peke yake aliandika maneno marefu, kwa adabu iliyouma kuliko kicheko. Alisema picha ni nzuri sana. Alisema huenda hawakueleweka. Vyanzo maana yake ni maandiko, gazeti au jarida au kitabu kingine, yaliyoandikwa kuhusu kitabu hiki na watu wasio ndugu wala marafiki wa mwandishi. Huru maana yake ni hivyo, wasio na uhusiano. Je, yapo?

Zuwena aliisoma akiwa amesimama nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo. Hakuumia kwa ajili yake mwenyewe. Yeye amezoea kuambiwa hakusoma. Aliumia kwa sababu amemchukua mzee wa miaka sabini na nne, mwenye kuheshimiwa mtaani kwake, akamweka katikati ya watu asiowaona wamcheke asikie au asisikie. Zawadi yake ilikuwa imegeuka kitu cha kuficha.

Aliyatafuta maandiko hayo. Alimpigia paroko mpya, akajibiwa kwamba yule padri wa maongezi alishafariki na makaratasi yake yalipelekwa asikokujua mtu. Alikwenda kwenye duka la mashine akakuta panauzwa vipodozi. Mwalimu mmoja mstaafu alikumbuka kukipokea kitabu, akalisifu jalada.

Jioni mzee aliuliza, "Wamekiona chanzo?"

"Wamekiona."

"Wanasemaje?"

"Wanasema picha ni nzuri sana."

Hilo lilikuwa kweli, na aliling'ang'ania. Lakini cha ajabu, baba yake hakuuliza zaidi. Alikuwa amerudi kwenye mazungumzo yake mwenyewe. "Ndoo ya mtoto," alisikika akisema. "Hatua moja moja." Alimtaka amsomee ukurasa wa arobaini, akamkatisha, akasema hapana, anza thelathini na saba, kosa limeanzia mbali. Alikula chakula chote. Siku nne zilipita hivyo, nyumba ikiwa kama imeinuliwa kidogo kutoka ardhini, cherehani inakwenda, mzee ananong'ona, na Zuwena peke yake anajua kwamba kuna hesabu inayorudi nyuma.

* * *

Sospeter alikuja mwenyewe Jumatatu, makala ikiwa imefutwa asubuhi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwalimu wa hesabu wa sekondari, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Mama Imakulata ndiye aliyemwonyesha nyumba, akamsindikiza mpaka mlangoni, na akaondoka kwa shida sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Mgeni hakuzunguka. Alisema yeye ndiye aliyebonyeza kitufe cha kufuta makala. Alisema angeweza kuandika tu huko huko, lakini ameona ni Mkuza, ni mwendo wa miguu kutoka kwake, akaona aibu. Akaeleza habari ya vyanzo, kisima, maandiko, yote. Zuwena alikuwa ameshika birika, hamimini. Kila neno alilolificha kwa siku tano lilikuwa linawekwa mezani kama vyombo.

Mzee alisikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Kumbe walicheka," alisema.

"Wachache, mzee. Si vizuri."

"Hata mimi ningecheka. Nimeombwa karatasi nikapeleka maji." Mabega yake yakatikisika, na Zuwena alihitaji muda kutambua kwamba ni kicheko. "Mlikuwa wangapi mkiamua?"

"Saba."

"Katika saba hao, wangapi wamekisoma?"

Sospeter alitazama viatu vyake. Angeweza kudanganya, na Zuwena aliona wazo hilo likipita usoni kwake na kuondoka. "Hakuna."

"Hata wewe."

"Hata mimi. Ila hatuamui kama kitabu ni kizuri, mzee. Tunaangalia kama kimeandikwa mahali. Tukianza kuamua uzuri, kila mtu ataleta cha baba yake." Akasikia alichosema, akamgeukia Zuwena. "Samahani, dada."

"Si kitu," Zuwena alisema, akamimina chai.

"Kanuni yenu ni nzuri," mzee alisema. "Ningekuwa karani wenu ningefuta pia. Zuwe, niletee kimoja."

Aliingia ndani, akavuta boksi, akakipangusa kwa kanga. Mzee alikipokea, akalitafuta jalada kwa vidole, akakinyoosha mbele mpaka kikagusa mikono ya mgeni.

"Hiki si cha kuandikwa huko kwenu. Hayo yameisha na sina kinyongo. Nina ombi lingine. Ukurasa wa arobaini umeshaonekana kosa, aliliona huyu, usihangaike nao. Soma zilizobaki. Halafu uje hapa hapa, ukae kwenye kiti hicho, uniambie ni wapi pengine nimekosea. Si lazima iwe wiki hii."

Sospeter alikuwa amekifungua katikati. Karatasi zilikuwa zimeshikana kwa unyevu wa miaka, zikaachana kwa sauti ndogo. Alisoma mstari, au alionekana kusoma. Chai yake ilikuwa inatoa mvuke mbele yake. Hakuigusa; aliugeuza ukurasa mmoja, kisha wa pili, na mzee akaendelea kungoja, sikio lake limeelekea upande wa mgeni.